Jivaka, tabibu wa kichwa cha miaka saba

Kama unaugua kipandauso unajua kwamba maumivu ni sehemu tu ya mateso. Sehemu nyingine ni fedha. Umekwenda zahanati ukapewa dawa za maumivu. Umepima malaria, umepima macho, umenunua miwani, umepigwa picha ya kichwa, umekunywa mizizi uliyoletewa na shemeji, na bado kila baada ya wiki mbili unajifungia chumbani gizani na ndoo ya kutapikia kando ya kitanda. Ukifika hapo, mtu akikuambia kuna mtaalamu mwingine, unachoka kabla hajamaliza kusema.

Mwanamke mmoja wa mji wa Saketa, huko India, aliufikia uchovu huo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Jina lake halikuandikwa. Lililobaki ni jina la aliyemtibu, na wiki hii nakusimulia maisha ya tabibu huyo, kwa sababu tiba aliyompa ndiyo ambayo vituo vya Ayurveda huwapa wagonjwa wa kipandauso hadi leo, India na kwingineko. Ukishamaliza kusoma utaweza kupima mwenyewe kipi cha kuchukua kwake na kipi cha kuacha.

Tabibu huyo ni Jivaka. Alizaliwa Rajagaha, mji mkuu wa ufalme wa Magadha, ambao leo unaitwa Rajgir katika jimbo la Bihar, wakati Buddha mwenyewe yu hai. Habari zake zimo katika vitabu vya kanuni za watawa wa Kibuddha. Zilisimuliwa kwa mdomo vizazi vingi kabla ya kuandikwa, kwa hiyo usishangae ukikuta humo mambo yaliyotiwa chumvi.

Mama yake, Salavati, alikuwa kahaba mashuhuri wa mji. Alipopata ujauzito alijifungia ndani, akasingizia ugonjwa ili wateja wasijue. Alipojifungua mtoto wa kiume alimwamuru kijakazi amweke kwenye ungo mkuukuu na kwenda kumtupa jalalani. Asubuhi hiyo mwana wa mfalme aitwaye Abhaya alipita njia hiyo akaona kunguru wamezingira kitu. Akauliza ni nini, akaambiwa ni mtoto. Akauliza kama yu hai, akaambiwa yu hai. Ndipo alipopata jina, maana Jivaka hutokana na neno la uhai. Abhaya alimchukua akamlea nyumbani kwake.

Kijana alipokua aligundua kwamba nyumba ya mfalme si mahali pa kuishi mtu asiye na ujuzi wala ukoo. Aliondoka bila kuaga, akasafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Taxila, mji wa wasomi ambao magofu yake leo yako Pakistan, si mbali na Islamabad. Huko alijifunza utabibu kwa miaka saba.

Mwaka wa saba alimuuliza mwalimu wake elimu hii inaisha lini. Mwalimu akampa koleo, akamwagiza azunguke mji wote kwa umbali wa kilomita kadhaa kila upande, kisha amletee mmea wowote asioweza kuutumia kama dawa. Jivaka alizunguka, akarudi mikono mitupu. Mwalimu akaridhika, akampa posho kidogo ya njiani, akamruhusu aende. Kisa hiki hupendwa sana na wauza mitishamba, nami nakipenda pia, lakini kina mtego. Kila mmea kuwa na nguvu fulani ndani yake haimaanishi kila mmea unakufaa wewe. Digoksini, dawa ya moyo inayotokana na mmea, huokoa wagonjwa wengi, na ikizidi kidogo tu huua.

Posho ilimwishia Saketa, katika njia ya kurudi kwao. Mbele palikuwa na nyika isiyo na maji wala chakula, na hakuwa na kitu mfukoni. Akaingia mjini akaulizia nani mgonjwa. Akaelekezwa nyumbani kwa tajiri mmoja wa biashara ambaye mke wake aliumwa kichwa kwa miaka saba. Idadi hiyo inalingana na miaka ambayo Jivaka alikaa masomoni. Siku zote alizokuwa akijifunza, huyu mama alikuwa akiumwa.

Bawabu alipeleka habari ndani kwamba tabibu amefika. Mama akauliza ni tabibu wa namna gani. Aliposikia ni kijana alikataa. Matabibu wakubwa, wenye sifa duniani kote, walikwisha kuja, wakashindwa, wakaondoka na dhahabu nyingi. Kijana angefanya nini zaidi? Jivaka akarudisha ujumbe kwamba asitoe kitu chochote kwanza. Akipona, atampa anachotaka.

Hapo, msomaji, ndipo mlango ulipofunguka. Jivaka hakujisifia wala hakutaja mwalimu wake. Alielewa kwamba mgonjwa wa miaka saba haogopi dawa, anaogopa kuliwa tena. Na usisahau kwamba yeye mwenyewe alikuwa hana hata chakula cha siku ile.

Alimtazama mama kwa makini, akajiridhisha kuhusu ugonjwa, kisha akaomba samli kiasi cha kujaa kiganja. Aliichemsha pamoja na dawa mbalimbali, akamlaza mama chali kitandani, akammiminia puani. Samli ilipita ikatokea mdomoni. Mama aliitema kwenye chombo, kisha akamwita kijakazi aizoe kwa pamba. Jivaka akaingiwa na wasiwasi. Mtu bahili kiasi hiki, anayeokota samli iliyotemwa, atanilipa nini? Mama alimsoma usoni akamweleza kwamba wao ni watu wa nyumba, wanajua thamani ya vitu. Samli ile itafaa watumishi kujipaka miguuni au kutiwa kwenye taa, naye malipo yake hayatapungua.

Kichwa kilipona. Alipata sarafu 4,000 kwa mama, 4,000 kwa mwanawe, 4,000 kwa mkwewe na 4,000 kwa mume, pamoja na mtumwa wa kiume, mtumwa wa kike na gari la farasi, kwani utajiri wa zama zile ulihesabiwa hata kwa binadamu. Alipofika Rajagaha alizipeleka zote 16,000 kwa Abhaya kama malipo ya malezi. Abhaya alimrudishia, akamtaka tu ajenge nyumba ndani ya ua wake.

Tiba hiyo ya puani huitwa nasya. Ili uelewe kwa nini tabibu wa India aelekee puani wakati kinachouma ni kichwa, yakupasa kujua Ayurveda inavyouona mwili. Mwili unaendeshwa na nguvu tatu, yaani vata ambayo ni upepo, pitta ambayo ni kama nyongo na joto, na kapha ambayo ni kama makohozi na unyevu. Zikiwa sawa kuna afya. Moja ikizidi au ikitoka mahali pake ugonjwa unaingia. Pua kwao ni mlango wa kichwa, kwa hiyo kilichoharibika kichwani huondolewa kupitia puani.

Karne kadhaa baada ya Jivaka, elimu hiyo ilikusanywa katika vitabu viwili vikubwa vinavyojulikana kwa majina ya Charaka na Sushruta. Humo umo ugonjwa uitwao ardhavabhedaka, na jina lenyewe linabeba maana ya nusu na ya kupasuka. Maumivu hushika upande mmoja, kuanzia shingoni hadi kwenye nyusi, panda la uso, sikio na jicho, makali kama ya kukatwa kwa silaha. Sushruta anasema huja kila baada ya siku kumi au nusu mwezi. Umo pia ugonjwa mwingine, suryavarta, unaopanda na jua, ukazidi mchana na kutulia jua likizama. Wagiriki nao waliita maumivu haya nusu ya fuvu, na humo ndimo lilimotoka jina la kitabibu linalotumika duniani leo. Waarabu nao hutumia neno lenye maana ya kupasuka upande.

Sasa tazama sababu anazozitaja Charaka za magonjwa ya kichwa: kukesha usiku, kulala mchana, kubana haja, kulia sana na hata kuzuia machozi, jua kali, moshi, vumbi, harufu mbaya, ulevi, kupaza sauti, mawingu na mabadiliko ya hewa, huzuni. Mpe orodha hiyo daktari wa mishipa ya fahamu leo, atabaki na sehemu kubwa yake. Atakachoongeza ni kuruka mlo, hedhi, na kahawa iliyozoeleka inapokatwa ghafla. Walioandika vitabu vile walikaa na wagonjwa wakawasikiliza, na nadhani hiyo ndiyo sehemu ya Ayurveda isiyozeeka.

Kilichozeeka ni maelezo ya kwa nini. Leo tunajua kwamba kipandauso ni ugonjwa wa ubongo wenyewe, ambao mara nyingi hurithiwa katika ukoo. Ubongo wa mwenye kipandauso huchokozeka upesi. Mshipa mkubwa wa fahamu unaohudumia uso na utando wa ubongo huamshwa, ukatoa kemikali zinazotanua mishipa ya damu na kuzidisha maumivu. Shambulio lisilotibiwa hudumu kati ya saa 4 na 72. Kwa baadhi ya watu hutanguliwa na vimulimuli au mistari ya kumetameta machoni kwa dakika 5 hadi 60. Wanawake huugua karibu mara tatu ya wanaume.

Je, mama wa Saketa alikuwa na kipandauso? Simulizi inasema kichwa tu, haisemi nusu. Samli iliyopita puani hadi mdomoni inanifanya nifikirie pia uvimbe wa matundu ya hewa yaliyo ndani ya mifupa ya uso, ambao watu wengi wetu huuita kipandauso bila kupima. Kuna jambo jingine la kukumbuka. Kipandauso huja na kuondoka chenyewe, na kwa wanawake wengi hupungua au hukoma hedhi ikikatika. Mgonjwa mmoja aliyepona baada ya dawa hathibitishi kwamba dawa ndiyo iliyomponya. Nasya imejaribiwa kwa wagonjwa wa kipandauso huko India, lakini kwa vikundi vidogo ambavyo havitoshi kuipa muhuri.

Hata hivyo njia ya pua haikuwa wazo la kipuuzi. Wakati wa shambulio tumbo huzubaa, dawa uliyomeza ikakaa tumboni bila kufyonzwa, au ukaitapika. Kwa sababu hiyo viwanda vya dawa vya leo navyo vimegeukia puani, na zipo dawa za kipandauso za kupuliza, kama sumatriptani. Tofauti ni kwamba hizo ni matone machache ya kipimo kinachojulikana. Samli au mafuta yakimiminwa puani kwa mtu aliyelala chali yanaweza kuteremkia mapafuni, na mafuta mapafuni huleta homa ya mapafu ya aina mbaya. Tafadhali usijaribu nyumbani, na wala usimfanyie mtoto.

Maduka ya dawa za Kihindi yapo katika miji mingi yetu, na mengi huuza viungo na majani yasiyo na madhara makubwa. Ninachokuomba ujihadhari nacho ni vidonge na unga usio na maandishi ya kueleweka. Tawi moja la Ayurveda hutia madini kwenye dawa kwa makusudi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watafiti wa Marekani walinunua dawa 70 za Ayurveda katika maduka ya eneo la Boston, wakakuta 14 kati yake zina risasi, zebaki au aseniki. Risasi mwilini huumiza kichwa. Unaweza kujikuta unanunua ugonjwa uleule ulioukimbia.

Turudi kwa Jivaka. Sifa zake zilifika kwa Mfalme Bimbisara, aliyekuwa na fistula akivuja damu nguoni hadi wake zake wakimcheka. Jivaka alimtibu kwa marhamu, akafanywa tabibu wa mfalme. Mfalme Pajjota wa Ujjeni, mkali na mwenye kuchukia samli, alipopata manjano Jivaka alimnywesha samli iliyofichwa ladha, kisha akatoroka juu ya tembe wa mfalme kabla hajagundua. Ni kisa cha kuchekesha, ila leo daktari anayemdanganya mgonjwa kuhusu anachokunywa angepaswa kuitwa mbele ya baraza.

Kisa kingine cha kichwa ni cha mfanyabiashara wa Rajagaha ambaye matabibu walikwisha kumpangia siku ya kufa, wengine wakisema ya tano, wengine ya saba. Jivaka alimuuliza kama ataweza kulala ubavu mmoja miezi saba, ubavu wa pili miezi saba, na chali miezi saba. Mgonjwa akakubali. Akamfunga kitandani, akamchana ngozi ya kichwa, akafungua fuvu, akatoa viumbe wawili na kuwaonyesha watu, kisha akashona. Mgonjwa hakuvumilia miezi. Kila upande alilala siku saba tu, akalia kwamba hawezi tena. Baada ya siku 21 alikuwa mzima, na Jivaka akamweleza kwamba alijua tangu mwanzo siku 21 zingetosha, ila asingetaja miezi mgonjwa asingevumilia hata siku hizo.

Viumbe kichwani usivicheke sana. Mayai ya tegu wa nguruwe yakimezwa, mabuu yake huweza kukaa kwenye ubongo na kuleta maumivu ya kichwa na kifafa, na hapa Tanzania ugonjwa huo umeonekana Mbulu na Nyanda za Juu Kusini. Ndiyo maana si kila kichwa ni kipandauso. Kichwa kilichokupiga ghafla kama radi, kinachokuja na homa na shingo kukakamaa, kinachofuatana na udhaifu wa mkono au mguu, kilichoanza baada ya kuanguka, kilichoanza ukiwa na zaidi ya miaka 50, au chenye kukushika ukiwa mjamzito au unaishi na virusi vya Ukimwi, hicho ni cha hospitali siku hiyohiyo.

Jambo la Jivaka ninalolithamini kuliko upasuaji ni dogo zaidi. Alikwenda Vesali akawakuta watawa wamenenepa na kuugua kwa sababu waumini walikuwa wakiwaletea vyakula vitamu vinono kila siku. Hakuwapa dawa. Alimwendea Buddha akamwomba awaruhusu wawe na njia ya kutembea na nyumba ya kuogea mvuke, akaruhusu. Sasa sikiliza. Mwaka 2011 watafiti wa Sweden walichapisha jaribio la wagonjwa 91 wa kipandauso waliogawanywa makundi matatu. Wa kwanza walifanya mazoezi dakika 40 mara tatu kwa wiki, wa pili walijifunza kulegeza mwili, wa tatu walimeza topiramati, dawa inayojulikana ya kuzuia kipandauso. Baada ya miezi mitatu makundi yote yalipata nafuu isiyotofautiana sana, na madhara ya dawa yalikuwa kwa waliomeza dawa. Anza taratibu, maana mazoezi ya ghafla huweza kuamsha kichwa.

Pamoja na kutembea, lala na amka saa zilezile hata Jumapili, usiruke mlo, na uandike kwenye daftari siku kichwa kilipouma na ulichokula na kufanya siku iliyotangulia. Shambulio likianza meza dawa mapema, ibuprofeni au parasetamoli, usisubiri mpaka utapike. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au ujauzito asiguse ibuprofeni bila kuuliza. Na hesabu siku. Ukimeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, dawa zenyewe huanza kukuumiza kichwa, nawe ukaongeza dawa, na kichwa kikaongezeka. Wengi wa wanaoumwa kila siku wako katika shimo hilo, na tiba yake ni kuziacha kwa usimamizi wa daktari. Kama mashambulio ni zaidi ya manne kwa mwezi, muulize daktari kuhusu dawa za kuzuia. Propranololi na amitriptilini si ghali na zinapatikana kwetu. Dada anayeona vimulimuli kabla ya kichwa amwambie muuguzi anapokwenda kuchukua vidonge vya uzazi wa mpango, kwa sababu vile vyenye estrojeni humwongezea hatari ya kiharusi.

Jivaka alizidiwa na wagonjwa. Aliwatibu mfalme na nyumba yake, kisha Buddha na watawa wake. Magadha ilipoingiwa na ukoma, majipu, kifua kikuu na kifafa, watu waliokosa nafasi kwake walianza kujifanya watawa ili watibiwe bure, wakipona wanavua kanzu. Jivaka alimtambua mmoja wao, akaenda kulalamika, na kanuni ikawekwa kwamba mwenye magonjwa hayo asipokelewe utawani. Inasikitisha kidogo, maana walichotaka watu wale kilikuwa tabibu asiyewamaliza fedha.

Bimbisara alikufa kifungoni, mikononi mwa mwanawe Ajatashatru aliyemnyang'anya ufalme. Usiku mmoja wa mwezi mpevu mfalme huyo mpya, aliyekosa amani, aliwauliza mawaziri nani awezaye kuutuliza moyo wake. Kila mmoja alitaja mwalimu wake. Jivaka alinyamaza hadi alipoulizwa, akamwambia Buddha yuko katika bustani yake ya miembe nje ya mji. Walikwenda kwa tembo na mienge, na mfalme alipoona kimya cha bustani yenye watawa wengi alidhani tabibu amempeleka mtegoni.

Bustani hiyo Jivaka alikuwa amewapa watawa. Katika miaka ya 1950 wachimbaji walifukua Rajgir misingi ya kumbi ndefu za mawe zenye umbo la yai, nayo huonyeshwa wageni kama mahali pa bustani yake. Thailand, wakandaji wa jadi humtaja kwa heshima kabla ya kumgusa mgonjwa.